Nyumba Inayoamka Saa Tisa Usiku

Saa tisa usiku, mjini Havana, Kuba, pampu ya maji iliunguruma chini ya dirisha langu, na nyumba nzima ikaamka.

Nikasikia milango ikifunguliwa, ndala zikiburuzwa sakafuni, watu wakiongea kwa sauti ya mchana. Nikatoka chumbani. Taa zote zilikuwa zinawaka. Mama mwenye nyumba alikuwa jikoni anajaza madumu, moja baada ya jingine. Mama yake, bibi aliyekwisha vuka miaka themanini, alikuwa mezani anapiga pasi shati jeupe la shule la kitukuu wake. Wali ulikuwa unatokota kwenye sufuria la umeme. Kila soketi ukutani ilikuwa na kitu kinachochajiwa: simu, taa za mkononi, feni ndogo ya betri. Chupa za plastiki zilizojazwa maji zilikuwa zinapangwa kwenye friza zigande, ili umeme ukikatika tena nyama isiharibike.

"Rudi ukalale, mwanangu," aliniambia mama mwenye nyumba. "Huu si muda wa wageni."

Asubuhi, saa mbili na nusu, nilikuta meza imetandikwa kitambaa cheupe. Papai, mapera, mayai mawili, mkate, kahawa, juisi. Umeme ulikuwa umeshakatika. Mama mwenye nyumba alikuwa amevaa hereni na kupaka rangi ya mdomo. Akaniuliza kama nimelala vizuri.

Nikamwambia nimelala vizuri.

Wiki zimepita tangu nirudi Dar es Salaam, na ile meza bado haijanitoka akilini.

Nilichokwenda kutafuta

Huwa nasafiri bila wakala. Napanga mwenyewe, nalala kwa watu, napanda wanachopanda wenyeji. Havana niliingia mwezi Februari 2025 kupitia Istanbul, nikiwa na euro taslimu na Kihispania cha kuungaunga, nilichokiegemeza kwenye Kireno cha miaka niliyoishi Maputo. Nilichagua kulala kwenye casa particular, yaani nyumba ya familia yenye leseni ya kupokea wageni, ambayo mlangoni huwa na alama ya buluu mfano wa nanga. Serikali iliuhalalisha upangishaji huo mwaka 1997, katika ile miaka migumu iliyofuata kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti.

Wasafiri wa aina yangu tuna imani moja: hoteli inakuficha mji, nyumba inakuonyesha mji.

Siku za mwanzo nilizunguka Havana Kongwe, na sitajifanya haikunigusa. Huu ni mji wa mwaka 1519. Meli za Hispania zilizobeba madini ya fedha ya Amerika zilikusanyika katika bandari hii kabla ya kuvuka Atlantiki kwa pamoja. Waingereza waliuteka mwaka 1762, na mwaka uliofuata wakaurudisha kwa kubadilishana na Florida. Hadi leo, kila siku saa tatu usiku, mzinga hulia kutoka ngome ya La Cabaña, kama ulivyolia zamani kutangaza kwamba milango ya mji inafungwa. Katika mtaa wa Obrapía nilitumia mchana mzima ndani ya Casa de África, nikitazama ngoma na vinyago nisivyotarajia kuvikuta mbali hivyo.

Sehemu hii inang'aa, na inang'aa kwa sababu. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Kisha, katika miaka ya 1990, ofisi ya mwanahistoria wa jiji, Eusebio Leal, ikapewa mamlaka ya kuendesha hoteli na migahawa na kutumia mapato yake kukarabati majumba. Leal alifariki mwaka 2020. Ukisimama Plaza Vieja unaiona kazi yake kila upande.

Nyumba niliyolala ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara ya Prado, katika mitaa ya Centro Habana.

Huko fedha hizo hazikufika sana.

Ng'ambo ya Prado

Aliyeona Beit-el-Ajaib ya Unguja ilivyoporomoka Desemba 2020 hahitaji kuelezwa jinsi nyumba kongwe ya pwani inavyokufa: chumvi ukutani, maji ya mvua darini, familia nyingi chini ya paa moja, na hakuna mwenye fedha ya kumwita fundi. Centro Habana ni mitaa na mitaa ya nyumba za namna hiyo, ghorofa tatu, nne, zenye nguzo na roshani za chuma kilichofinyangwa kwa ustadi mkubwa. Roshani nyingine zimeegemezwa magogo. Kwa kuwa dari ni ndefu, watu wameongeza sakafu ya mbao katikati ya chumba ili kupata vyumba viwili, cha chini na cha juu. Wanaiita barbacoa. Kuta za miaka mia moja sasa zinabeba mzigo ambao hazikujengewa.

Na ni mitaa iliyochangamka ajabu. Muuza mkate anapita akiimba, mtu wa ghorofa ya tatu anateremsha kikapu kwa kamba, fedha zinashuka, mkate unapanda. Wazee wanacheza domino kwenye kivuli. Watoto wanapiga mpira wa besiboli kwa kifuniko cha chupa. Mgeni mwenye kamera hapa hachoki.

Mimi pia nilipiga picha. Ila baada ya ule usiku wa pampu nilianza kuuliza maswali.

Maji yanangoja umeme

Mgao tunaujua, kwa hiyo nitaeleza tu wa kwao ulivyopangwa. Havana imegawanywa katika mabloki, na shirika la umeme hutangaza kwenye Telegram ni bloki ipi inazimwa na saa ngapi. Ratiba hufuatwa siku nyingine, siku nyingine haifuatwi. Mikoani ni kubaya zaidi; huko kuna watu wanaokaa gizani sehemu kubwa ya siku. Mitambo imezeeka, mafuta hayatoshi, vipuri havipatikani. Tarehe 18 Oktoba 2024 mtambo wa Antonio Guiteras ulioko Matanzas ulizima, na kisiwa kizima kikaingia gizani kwa mara moja.

Sasa ongeza maji. Maji ya bomba huja kwa zamu, na yakija yanaingia kwenye kisima cha chini ya jengo. Kuyapandisha kwenye tangi la juu ya paa kunahitaji pampu, na pampu inahitaji umeme. Siku ya maji bila umeme ni siku kavu. Siku ya umeme bila maji, vilevile. Familia inabidi iwe macho saa yoyote ile viwili hivyo vitakapokutana, na usiku ule vilikutana saa tisa.

Nilipolielewa hilo nilikaa kitandani nikaupanga upya mchana wangu. Maji niliyooga asubuhi yalipandishwa usiku. Taulo lilifuliwa usiku. Juisi ya baridi ilitokana na barafu ya usiku. Hereni na rangi ya mdomo vilivaliwa juu ya uso uliokosa usingizi.

Nilidhani naishi katika nyumba ile. Kumbe nilikuwa naishi katika mchana wake tu, na mchana ulikuwa umeandaliwa kwa ajili yangu.

Nani wa mwisho?

Nilimwomba mama mwenye nyumba aniruhusu nimsindikize kwenye foleni. Akakataa. Mgeni hapangi foleni, alisema. Nikamwomba tena, akakataa tena. Alikubali siku alipotakiwa kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye duka la dawa, ambako ilisemekana dawa ya presha ya bibi imefika, na kwenye duka la mkate. Hapo nilikuwa na faida.

Foleni ya Havana haionekani kwa macho. Ukifika unauliza kwa sauti: nani wa mwisho? Mtu ananyoosha mkono. Haitoshi. Unamuuliza na yeye yuko nyuma ya nani, maana akichoka akaondoka lazima ujue utamfuata nani. Baada ya hapo uko huru. Kaa kivulini, vuka barabara, piga soga. Akifika mwingine akiuliza, wewe ndiye unayenyoosha mkono. Watu hamsini wametawanyika mtaa mzima, na kila mmoja anaijua nafasi yake.

Aliyekuwa mbele yangu alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya besiboli na mfuko wa nailoni uliooshwa na kukunjwa vizuri. Alisikia lafudhi yangu akauliza ninatoka wapi. Tanzania. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kusema nami Kireno.

Kireno cha Luanda.

Alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Alikwenda Angola mara mbili, ya kwanza akiwa kijana, ya pili akiwa na mke na watoto, mwaka 1987, wakati wa vita vya Cuito Cuanavale, kusini mwa Angola, dhidi ya jeshi la makaburu wa Afrika Kusini. Aliendesha katika misafara ya kutoka Menongue, kwenye barabara iliyotegwa mabomu ya ardhini. Alinitajia vijiji kwa majina, na mito. Aliniambia rangi ya udongo.

Wakuba zaidi ya 300,000 walipita Angola kama askari kati ya 1975 na 1991, na zaidi ya 2,000 hawakurudi hai. Operesheni ile waliipa jina Carlota, la mwanamke mtumwa aliyeongoza maasi katika shamba la miwa huko Matanzas mwaka 1843. Tulikaa ukingoni mwa barabara tukiyazungumza hayo, huku foleni ikisogea vichwani mwa watu. Sam Nujoma, rais wa kwanza wa Namibia, alikuwa amefariki siku hizohizo, tarehe 8 Februari, na mzee alikuwa amepata habari redioni. Nilimwambia kwamba SWAPO, chama cha Nujoma cha kupigania uhuru, walikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1961, na kwamba Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa kwetu. Alitikisa kichwa polepole, mtu anayesikia habari za jirani aliyewahi kushirikiana naye bila kumwona.

Kisha akauliza: "Je, kwenu mnatukumbuka?"

Zamu yake ikafika kabla sijajibu. Alitoa daftari lake la mgawo, ule mfumo ulioanzishwa mwaka 1962, muuzaji akaandika, akampa mkate wake wa siku. Mkate mmoja mdogo wa mviringo. Mwaka 2024 uzito wake ulishushwa kutoka gramu 80 hadi 60 kwa sababu ya uhaba wa ngano. Mzee akautia kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Trei ya mayai

Jioni ile sikuweza kuyaacha mayai yangu mawili ya kila asubuhi.

Trei ya mayai 30 kwenye duka la binafsi ilikuwa kama peso 3,000. Pensheni ya chini kabisa ilikuwa peso 1,528 kwa mwezi. Ya mzee, aliniambia, imezidi hapo kidogo tu. Wastani wa mshahara serikalini haukufika 6,000. Mimi nililipa dola 25 kwa usiku, na dola moja mtaani ilikuwa zaidi ya peso 300. Usiku wangu mmoja ulizidi mshahara wa mwezi wa mwalimu.

Maduka hayo ya binafsi yaliruhusiwa mwaka 2021, na ndiyo yenye vitu. Kuku wengi waliogandishwa wanatoka Marekani, nchi ileile iliyoiwekea Kuba vikwazo tangu 1962. Kahawa ya mgawo huchanganywa na njegere zilizokaangwa. Ile niliyokunywa mimi haikuwa na njegere. Mwaka 2024 Shirika la Chakula Duniani lilithibitisha kwamba serikali imeliomba lisaidie maziwa ya unga ya watoto wadogo. Katika nchi ambayo mwaka 1970 ilivuna sukari tani milioni 8.5, niliona watu wakiuliza dukani kama sukari imekuja.

Kwa hiyo nikamuuliza mama mwenye nyumba waziwazi: sisi wageni tunakula mayai ya nani?

Hakukasirika. Alivuta kiti akahesabu kwa vidole. Dola zangu zinamlipa mama anayefua mashuka. Zinamlipa fundi wa pampu. Zinanunua juisi kwa jirani, dawa za bibi, viatu vya mjukuu ambaye mama yake yuko Florida. Kodi na leseni pia. "Usipokuja wewe mayai hayashuki bei," alisema. "Nitakachokosa ni dola zako, basi."

Nikaridhika. Nilikuwa natamani kuridhika, nadhani.

Kesho yake nikaongea na yule mama anayefua mashuka, na kumbe alikuwa mwalimu wa hesabu. Aliacha darasa kwa sababu siku tatu za kufua zinamlipa kuliko mwezi wa kufundisha. Darasa lake, alisema, lilikaa muda mrefu bila mwalimu. Hakusema kwa uchungu. Aliniambia tu, huku anakung'uta foronya yangu.

Wote wawili wanasema kweli. Nimejaribu kuziunganisha kweli hizi mbili nimeshindwa, na nadhani mtu anayekwenda Havana kwa fedha zake mwenyewe inabidi azibebe zote mbili hivyohivyo.

Jengo la ghorofa 42

Kuna kitu nilichokiona Vedado, mtaa mwingine wa Havana, ambacho hakinipi shida kukihukumu.

Nilipanda almendrón, yale magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yanayobeba abiria kwa njia maalumu, kama daladala. Watalii hukodi yaliyopakwa rangi ya waridi. Haya ya abiria yamefungwa injini za dizeli za kila aina na milango yake inashikwa kwa mkono. Nilishuka barabara ya 23 niende kula aiskrimu Coppelia, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1966 ili kila mtu amudu aiskrimu. Karibu yake limeinuka jengo jipya la hoteli lenye ghorofa 42, refu kuliko yote nchini. Wenyeji wanaliita Torre K. Lilifunguliwa mwezi mmoja kabla sijafika.

Watalii walioingia Kuba mwaka 2018 walikuwa kama milioni 4.7. Mwaka 2024 walikuwa milioni 2.2. Watu wenyewe wanahama. Hesabu za serikali zinaonyesha idadi ya watu imeshuka chini ya milioni 10. Na katika miaka hiyohiyo fedha ziliendelea kumwagwa kwenye hoteli, huku mitambo ya umeme ikifia mkononi.

Vikwazo vya Marekani ni vya kweli. Vinazuia mikopo, vinafanya meli za mafuta ziogope, na tangu Januari 2021, Kuba iliporudishwa kwenye orodha ya nchi zinazodaiwa kufadhili ugaidi, benki nyingi hazitaki hata kusikia jina lake. Nayasema hayo bila kusita. Lakini vikwazo havikuchora ramani ya Torre K. Kuna watu waliokaa wakaamua kwamba mgeni asiyekuja ajengewe chumba kabla bibi wa Centro Habana hajapata umeme wa kupigia pasi saa za mchana.

Tathmini

Niliporudi nyumbani, tovuti niliyotumia kupata chumba iliniletea fomu. Nitoe nyota. Usafi, mawasiliano, mahali. Niandike na maneno machache ya kuwasaidia wageni wengine.

Fomu ile ndiyo iliyonitesa.

Nikiandika kwamba pampu inanguruma usiku wa manane na umeme unakatika, kuna watu watakaokimbilia nyumba nyingine, na mama yule alikuwa na vyumba viwili, kimoja kitupu muda wote nilipokuwa pale. Nikiandika "pametulia, pazuri, kifungua kinywa kitamu", nitakuwa nimeifuta kazi yote ya usiku, na mgeni mwingine atakuja ale mayai yake akidhani yalijileta. Niliandika nikafuta. Nilimsomea dada yangu. Akasema toa nyota tano uache maneno. Sikuweza.

Mwishowe nikamwandikia mama mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, usiku wa huko. Andika yote, alisema. Wanaokuja bila kujua hulalamika na kuniharibia siku. Wanaojua huja na taa na vidonge vya presha.

Basi nikaandika yote: bloki, kisima, pampu, saa tisa. Nikaandika kwamba bibi anapiga pasi vizuri kuliko dobi yeyote ninayemjua. Nikashauri mgeni abebe benki ya umeme ya simu, fedha taslimu za noti ndogo, dawa za kawaida za kumwachia mwenyeji, na aulize mapema siku ya maji ni ipi ili asifue nguo siku isiyo yake. Nikashauri pia aombe kwenda kwenye foleni, na akikataliwa aombe tena.

Nyota nilitoa tano.

Swali la mzee

Limebaki lile swali la mzee wa mkate. Sikumjibu, na sipendi kulijibu peke yangu, kwa sababu kumbukumbu zangu za Wakuba ni za kuambiwa. Wasomaji wangu mnazo za kwenu. Kuna waliotibiwa na madaktari wao Unguja. Kuna Wakenya waliofanya kazi na wale waliokuja mwaka 2018. Kuna wazee wa Kigoma, na wa Fizi huko Kongo, ambao kila mwandishi huwauliza habari za Che Guevara tu, mwanamapinduzi aliyepita huko mwaka 1965, wakati Che hakuja peke yake. Alikuja na vijana zaidi ya mia, wengi wao weusi kama sisi, na nao walikuwa na mama zao huko Kuba.

Kama una kisa, niandikie mistari michache hapa chini. Nitaitafsiri kwa Kireno na kumtumia mama mwenye nyumba. Yeye na mzee wanakutana kwenye mkate karibu kila asubuhi, na amekubali kumsomea. Jina si lazima. Mwaka na mahali andika, maana mzee yule ni dereva, na kitu cha kwanza atakachouliza ni barabara ya kufika huko.